Walimwosha Bihogo kwa Maji

Baba mdogo,

Ijumaa ulisema kwamba Jumamosi tutapiga praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma. Nilikwisha kuvaa ovaroli na kutandaza magazeti kwenye sakafu ya gereji, ndipo Mama akatoka jikoni ameshika simu mbali na sikio, kama kitu cha moto. Akaniambia umeanguka kazini, kule Jeffersontown, katikati ya rafu za ghala. Akasema ni moyo. Akasema umetutoka.

Nikamwuliza utarudi saa ngapi.

Ndilo swali nililokuwa nalo. Hata leo gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, nasimama. Joho langu la kumaliza shule linaning'inia bado nyuma ya mlango. Siku ile ulinipigia vigelegele kama mwanamke, ukumbi mzima ukageuka kututazama, nami nikataka ardhi inimeze. Mtu wa namna hiyo anawezaje kunyamaza?

Nataka kukueleza yaliyompata Bihogo, kwa sababu hapa Louisville sina mwingine wa kumweleza. Watu bado wananiuliza kwa nini gari la Kimarekani, Mustang ya miaka ya sitini, lina jina la ng'ombe. Hawakuwepo siku ulipolikuta nyuma ya banda la yule mzee, panya wamezaa ndani ya kiti. Ulikwangua mlango kwa ukucha, ukaona wekundu mzito chini ya uchafu, ukasema, "Huyu ni Bihogo," jina tunalowapa ng'ombe wekundu kule kwetu, milimani Kivu ya Kusini. Baba mkubwa alicheka kwenye simu kutoka Columbus. Shangazi naye, kutoka Buffalo, akauliza, "Sasa huyo ng'ombe yako utamukamua mafuta, ama ndiye atakukamua weye?"

Wewe ulianza kazi. Ulinifundisha. Spana uliita kle, kama mafundi wa Uvira, na nilipokosea saizi ulisema tu, "Donc, basi usiniangalie miye, angalia nati." Ulikuwa mtu pekee ambaye ukimya wangu haukumchosha. Tuliweza kumaliza mchana mzima juu ya ile injini ya silinda nane bila maneno kumi, na ukitoka ulimwambia Mama kwamba tumeongea sana.

Ijumaa ile tulimaliza kupiga msasa boneti na paa mpaka rangi yote ya zamani ikaisha, chuma kikawa cheupe. Ulinikataza kuvua glavu. "Chuma ikiwa uchi ni kama mutoto muchanga. Hata jasho ya mukono inaiachia alama. Kesho tunaivalisha."

Hakikuvalishwa, Baba mdogo.

Nyumba ilijaa watu. Viti vililetwa kutoka kanisani, na gereji ikafunguliwa ili wanaume wapate pa kukaa, Bihogo akiwa katikati yao. Siku ya pili nilienda kituo cha basi kumpokea Shangazi. Tuliporudi, nilikuta akina mama wa kwaya wamekunja vitenge, wana ndoo, sabuni na sponji, wanaimba. Boneti ilikuwa inachuruzika maji.

Mama Naomi, kiongozi wao, akaniambia kwa upole, "Tuliikuta imejaa majivu, mutoto wetu. Tukasema, gari ya marehemu haiwezi kupokea wageni na uchafu hivi."

Hayakuwa majivu. Ulikuwa unga wa msasa wetu. Nilifungua mdomo, Kiswahili chote kikanikimbia. Niliwaambia kwa Kiingereza waache, tafadhali waache, nao wakadhani ni kilio tu. Wakanikumbatia kwa mikono iliyolowa. Nilichukua taulo nikaanza kufuta, lakini nikaitwa jikoni kugawa chai, na kwenye kilio msichana akiitwa jikoni haendi kueleza mambo ya chuma.

Asubuhi boneti na paa vilikuwa vya rangi ya chungwa. Unajua joto la huku lenye unyevu. Njia za sponji zilionekana zote, duara juu ya duara, kama mtu amezichora. Walikuwa wamemwosha kwa upendo. Ningekuwa na adui wa kumchukia, labda ningelia.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa palepale gerejini kuzungumza juu ya vitu vyako. Koti lako, Biblia yako, redio, vyote vikapata mtu. Ndipo Baba mkubwa akamgeukia Bihogo.

"Bon, haya," akasema. "Mali ya ndugu inamufuata ndugu. Lakini hii si mali tena, ni kutu. Jumatatu niite lori ibebe, wakaiponde."

Shangazi akadakia, "Weye una gari tatu pale Columbus, hata moja haiwake, na ni weye unahukumu kutu?"

Watu walicheka, hata Mama. Halafu kicheko kikaisha, na neno la mkubwa likabaki palepale. Nilimtazama mchungaji wa kanisa letu, nikamtazama Mama. Nilielewa kwamba wangekuzika mara ya pili, na wangefanya hivyo kwa adabu kabisa.

Sijui nilisimamaje. Nilivaa glavu, nikachukua kipande cha msasa rafuni, nikaanza kusugua boneti mbele yao wote. Sikuweza kuongea, kwa hiyo nilisugua. Vumbi jekundu lilianguka kwenye viatu vya Baba mkubwa. Sehemu ya ukubwa wa kiganja ikaanza kung'aa, nyeupe, bila hata kishimo kimoja.

"Ni ya juu tu," nikasema. "Ndani ni mzima."

Baba mkubwa alivaa miwani, akainama, akanyoosha kidole.

"Usiguse!"

Baba mdogo, nilimkemea mkubwa wa ukoo mbele ya mchungaji. Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Hata mimi niligeuka kutafuta nani amesema. Baba mkubwa alibaki ameinama, kidole hewani, kisha akakirudisha mfukoni polepole kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Sawa," akasema. "Ng'ombe ni yangu. Lakini malisho iko hapa, na muchungaji wake ni huyu."

Wazee wote walielewa. Kwetu mtu mwenye ng'ombe na asiye na majani humkabidhi jirani amchunge, na aliyekabidhiwa haulizwi kila siku. Lori halikuitwa.

Leo nimepiga praima peke yangu. Bomba la kupulizia liliziba mara mbili, na upande wa kushoto kuna mchirizi wa rangi ambao ungeukunjia uso. Nitausugua ukikauka. Injini bado iko wazi na inanitisha. Kuna vipande nimevishika mara nyingi bila kukuuliza vinaingia wapi, nikidhani tuna muda. Shangazi ameshaonya nisimlete Buffalo wakati wa baridi, eti chumvi wanayomwaga barabarani humla gari akiwa hai.

Wanasema nikwambie upumzike. Nalisema neno hilo, ila bado halijaniingia. Pumzika, Baba mdogo. Nenda vizuri. Nakuahidi kwamba Bihogo atafika Columbus kwa magurudumu yake mwenyewe, si mgongoni mwa lori. Na Baba mkubwa akitoka nje akitaka usukani, nitamwambia azunguke, akae upande wa abiria, afunge mkanda. Nitamwambia kwa sauti ya kusikika.

Mwanao,
Rebeka