Nani Atanoa Patasi za Wote

Mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie, ingawa sina hakika kama shida yangu inafaa ukurasa wako, maana wengi wanaokuandikia wanalalamika kuwa waume zao hawatulii nyumbani, na wangu hawezi tena kutoka wala kuingia, alifariki miezi mitano iliyopita akiwa kwenye kiti cha kinyozi, moyo ulisimama wakati upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, na kinyozi akaja kutuomba amalizie upande wa pili kabla ya maziko, akasema hajawahi kumwachia mteja kazi nusu.

Alikuwa fundi seremala. Nyumba yetu ina chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, na kwa miaka thelathini chumba hicho kilikuwa cha mtaa mzima, humo mna misumeno, patasi, nyundo, keekee mbili, toroli na ngazi ndefu, kila kimoja amekizungushia pete ya rangi nyekundu, na yeyote mwenye kazi alikuja akachukua, akimaliza akarudisha, bila kulipa na bila kuandikwa popote. Yeye aliuita ukomunisti. Hakuwa na chama, aliupata kwa fundi aliyemfundisha kazi, na aliueleza kwa maneno machache tu, kwamba mtu anahitaji ngazi siku mbili kwa mwaka, sasa kwa nini nyumba ishirini zinunue ngazi ishirini ili kumi na tisa zilale.

Rafiki yake mkubwa ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kwenye kona. Waliitana Komredi na Bepari, na kila jioni Bepari alikuja kukaa kwetu wakabishana mpaka chai ikapoa, Bepari akisema, "Cha wote hakina mwenyewe, mtu akilipia kitu ndipo anakitunza," na marehemu akimjibu, "Akilipia anaona amenunua na haki ya kukiharibu, huoni gari la kukodi linavyoendeshwa?" na Bepari, "Nguo ya kuazima haisitiri makalio," na marehemu, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Siku moja Bepari alikuja kuazima ngazi abadilishe taa ya nje ya duka lake, marehemu akamwambia, "We bwana, una ngazi kumi na moja za kuuza pale dukani, leo umefuata ya ukomunisti?" naye akajibu bila haya, "Zile ni mpya, Komredi, zitachafuka." Nilikuwa nachambua maharage, nikacheka mpaka ungo ukanitoka mapajani.

Baada ya msiba watu waliendelea kuchukua na kurudisha, na naomba hili uliandike, hakukuibwa hata msumari. Ila vilirudi butu. Mwezi wa pili misumeno ilikuwa inatafuna mbao badala ya kukata, patasi moja mwashi mmoja aliitumia kubandua saruji iliyokauka, na randa ya mume wangu, ile aliyoachiwa na mwalimu wake, ilirudi ukingo wa chuma chake umemeguka kama jino la mtoto. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miaka yote. Kila alasiri alikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na kinoo na bakuli la maji, ananoa, mimi niko jikoni namsikia, shwaa, shwaa, nikidhani ananoa vya kwake. Alikuwa ananoa vya mtaa mzima, peke yake, na niliwahi kumuuliza mara moja tu, "Kwa nini wasinoe wenyewe waliotumia?" akanijibu bila kuinua macho, "Wataharibu makali."

Sasa nakiri kosa langu. Siku iliporudi ile randa nilifunga chumba kwa kufuli na nikawaambia watu ufunguo umepotea. Haujapotea, umo kwenye kopo la vifungo, chini ya kifungo cha koti lake ambacho sikuwahi kukishona. Ni wiki ya sita sasa nadanganya. Majirani hawanishuku, wananionea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Juzi yule mwashi alisimama mlangoni na wenzake akasema, "Mama, usihangaike tena, tutaleta msumeno wa chuma tukate kufuli," mwenzake akamwambia, "Wewe nawe, si umo humo ndani!" wakacheka wote, na mimi nikacheka, kisha nikaingia ndani nikakaa.

Bepari amesema atatoa msumeno mpya dukani kwake, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watakuja kukata. Pia ameniletea shauri. "Shemeji," alisema, "vihamie dukani kwangu nivikodishe, atakayevikodi atavirudisha salama, na wewe utapata fungu lako kila mwezi." Binti yangu anasema nikubali, anasema, "Mama, ukomunisti wa baba ulikuwa ni baba, na baba hayupo." Sijui kama ana akili au ana haraka.

Ninachokuuliza ni hiki, kati ya ukomunisti na ubepari upi ni bora kwa chumba kama changu? Maana nikimpa Bepari, mume wangu atakuwa ameshindwa ubishi wa miaka thelathini na hayupo wa kujibu. Nikifungua kama zamani, vitaoza mbele ya macho yangu. Na lile neno la "wataharibu makali" sijamwambia Bepari, kwa sababu akilisikia atajua kuwa hata Komredi hakuwaamini watu, na hapo atakuwa ameshinda kabisa. Nifanye nini kabla ya Jumamosi?

Mjane wa fundi.

JIBU

Dada yangu, pole kwa msiba, na mpe pole kinyozi wako pia, huyo ni mtu anayejua kazi. Sasa kaa vizuri nikukaripie kidogo.

Umewaacha watu wazima wiki sita wakikuonea huruma kwa ufunguo ulio kwenye kopo la vifungo. Kama ungesema, "Jamani, nimeumia kwa ile randa, niacheni kwanza," nani angekulazimisha? Hukufunga chumba kulinda patasi. Ulifunga ili asiingie mtu yeyote mahali alipokuwa anaingia yeye. Hilo halina aibu, ila usiusingizie ukomunisti.

Swali lako nitalijibu, sitalikwepa. Bepari wako ana hoja. Kitu kikiwa cha wote na kazi ya kukitunza haina mwenyewe, kitaharibika, na duka lake lingevitunza. Lakini jiulize ni nani atakayekuja kukodi. Mwenye nazo atakodi. Yule asiye na kitu, ambaye mlango wake umeng'oka, atauegemeza ukutani mpaka mwezi ujao. Mumeo alimfikia huyo kwa miaka thelathini, na hakuna aliyemwibia, umesema mwenyewe, nami nimeliandika kama ulivyotaka. Duka lililo wazi kwa kila mtu miaka yote hiyo bila mlinzi na bila kuibiwa, Bepari akuonyeshe la kwake.

Kosa la mumeo lilikuwa moja. Aliwapa watu vifaa vyote akawanyima kinoo. Alisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kila alasiri akavunja chawa wa mtaa mzima kwa kidole kimoja, tena nyuma ya nyumba, asionekane. Watu walidhani patasi huwa kali zenyewe, kama jua linavyochomoza. Utawalaumuje? Hawakuwahi kuona jasho la mtu. Hata wewe uliyelala naye kitanda kimoja hukujua. Kwa hiyo yule mwashi usimchukie, hajui alichoharibu kwa sababu hakuna aliyemfundisha kilivyotengenezwa.

Fanya hivi. Usingoje Jumamosi ya kukata kufuli, ni aibu kukata kufuli zima. Wewe uwaite Jumamosi hii, fungua kwa mkono wako, na useme ufunguo ulikuwa nao. Watanuna kidogo, watapona.

Kabla hawajaingia, itoe ile randa. Iweke chumbani kwako na usimpe mtu, hata akija na machozi. Hiyo ni yako. Mumeo aliazimisha ngazi, hakuwahi kuazimisha mswaki.

Kisha kinoo na bakuli la maji vihamishe kutoka nyuma uvilete mbele, kwenye mlango wa barabarani, mahali pa kila mtu kupita na kuona. Sheria iwe moja, atakayetumia atanoa pale pale kabla ya kurudisha, na wa kwanza kukaa awe mwashi na patasi yake ya saruji. Wataharibu makali? Wataharibu. Chuma hakilii. Kinanolewa tena.

Utasema hujui kunoa. Sikuambii unoe. Umeisikia sauti ile miaka thelathini ukiwa jikoni, unaijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Weka kiti mlangoni, chukua maharage yako, uchambue. Ukisikia shwaa, nyamaza. Ukisikia inakwaruza, mwambie mtu ainue mkono kidogo aanze tena.

Ikipita miezi sita na hawanoi, basi mpe Bepari avikodishe, na usilie, utakuwa umejua badala ya kuogopa. Ila fungu lako lisiwe pesa. Mwambie Bepari kwamba mwenye mlango uliong'oka apewe bure.

Na Bepari mwenyewe, mwambie lile neno. Usimfiche mtu aliyepoteza mtu wake wa kubishana naye, wewe hukufiwa peke yako. Mwambie Komredi alisema, "Wataharibu makali." Atacheka, atataka kusema ameshinda, atageuka kukitazama kiti alichokuwa akikalia Komredi, halafu hatajua amwambie nani.

Hapo mpe patasi butu, umwonyeshe kinoo kilipo.