Daktari Kwenye Kiwanda cha Uji

Uholanzi, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Elia,

Mwakeye, kwa salamu ya kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba mvua za Kagerankanda mwaka huu zimekuja kwa adabu, bila kulaza maharage. Mimi sijambo. Magoti yananung'unika kwa baridi, lakini bado yananifikisha sokoni na kunirudisha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Jumatano ulinipa agizo: nimwambie mwanao Neema aikatae kazi ya kiwanda kule Morogoro, aendelee kusubiri nafasi ya uhadhiri. Umefuata desturi ya nyumbani kwetu, kwamba baba hamwambii binti neno gumu, humtuma shangazi. Ukaongeza, "Dada, nimemsomesha mtoto mpaka udaktari, leo akasage unga? Mashine ya kusaga ipo hapa hapa sokoni. Si angeanza nayo alipomaliza darasa la saba?" Nilicheka, maana ulisema kwa sauti ileile ya Baba.

Sasa nikueleze taratibu. Shahada ya uzamivu haimwandai mtu kufundisha tu. Inamzoeza kukaa na swali ambalo bado hakuna anayejua jibu lake, na viwanda vina maswali ya namna hiyo kila wiki. Mwenye shahada hiyo anaweza kukaa maabara akitafuta bidhaa mpya, au kupima kila kinachotoka kabla hakijauzwa, au kuandaa ushahidi wa kuithibitishia serikali kwamba kitu ni salama. Wengine, wakishakomaa, huongoza kiwanda kizima. Hawa wanaomtaka Neema wanatengeneza unga wa uji wa watoto, naye amesomea kuvu inayotia sumu kwenye mahindi. Wanataka awe mtu wa kusema mzigo huu upite, ule urudi.

Mimi, nikiwa na shahada kama yake, nilifanya kazi kwenye kiwanda cha hamira hadi nilipostaafu. Siku ya kwanza walinitembeza kati ya matangi ya chuma, na ile harufu ikanirudisha Kagerankanda. Unalikumbuka shimo la ndizi nyuma ya jiko la Mama? Tulizifunika kwa majani mpaka ziive, kisha tukazikanda kwa nyasi kutoa maji ya kupikia pombe, na wewe ukilamba viganja huku ukijifanya unafuta jasho. Mama hakumpa mgeni pombe kabla hajaionja yeye mwenyewe mbele yake. Nilikuwa katika nchi ambayo hakuna aliyeweza kutamka jina langu, nikahisi niko uani kwetu. Hata leo nikipita karibu na kiwanda kile napunguza mwendo.

Magumu yapo, sikufichi. Kiwandani swali si lako. Mwenye mali akisema acha, unaacha, hata kama ulikuwa umelikaribia jibu. Mengine unayoyagundua huruhusiwi kuyatangaza. Niliwahi kuzuia tangi zima lisitoke, na bosi akakaa muda mrefu hanisalimii. Wala hakuna wanafunzi wa kukusimamisha njiani wakisema, "Shikamoo, mwalimu." Hilo liliniuma kuliko yote.

Juzi Neema alinipigia. "Shangazi, wanataka jibu mwisho wa mwezi," alisema. "Nimechoka na hivi vipindi vya kufundisha kwa kuazimwa, bila ajira. Lakini Baba akinuna, siendi."

"Na moyo wako unasemaje?"

"Moyo umeshaanza kupanga maabara."

Nikamwomba asiwajibu kwanza.

Najua umeshawaambia watu kanisani kwamba binti yako atakuwa profesa. Waambie sasa kwamba uji wanaowanywesha wajukuu wao hautauzwa mpaka yeye akubali. Wataelewa kuliko unavyodhani.

Nisalimie wifi yangu. Mwambie chai ya tangawizi kama yake siipati huku, hata niipike vipi. Msalimie mzee wa kanisa, jirani yetu, na mama mdogo aliyeko Kibondo, ambaye bado ananiita msichana.

Ama lile agizo, Elia, nakurudishia. Ukiwa na ndiyo, nitaibeba mimi kwa furaha. Ukiwa na hapana, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, ukimsikia anavyopumua upande wa pili wa simu.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Tabitha