Segera Hatushuki

Baba,

Tangu tukuzike Mkumbara, maneno yako yanatembea kuliko ulipokuwa hai. Sokoni Korogwe, ukiomba upunguziwe nyanya, muuzaji anacheka, "Segera hatushuki." Yaani bei ni hiyo hiyo. Vijana wa bodaboda wameyaandika kwenye madigadi. Kwao maana yake ni kutokata tamaa. Sijui ni wangapi wanaojua kwamba hilo ni jina la wimbo, na kwamba aliyeutunga alikuwa mkata mkonge aliyepiga gitaa Jumamosi kwenye klabu ya kambi.

Mimi nilidhani najua. Ulinisimulia mwenyewe, nimekushikia kioo unanyoa ndevu. Ulimtorosha Mama kwao Kwamsisi, kaka zake wakawahi kuwasubiri njia panda ya Segera, nawe ukamwambia kondakta hamshuki, mnapitiliza. Ulicheka mpaka ukajikata kidevu.

Sasa Salimu, kitinda mimba wako, ameoa. Alitaka bibi harusi aingie ukumbini na wimbo huo. Nikaenda Handeni kwa Mzee Kilua, mpiga ngoma wa bendi yenu, nimwombe aje aseme machache kuuhusu. Akaniuliza kwanza kama Mama anajua tunataka kuupiga harusini.

Ndipo akanieleza. Kabla sijazaliwa mlikuwa na mtoto wa kike. Mama alikwenda naye Kwamsisi kuwaona wazazi, huko mtoto akashikwa na homa kali. Ukawafuata, umlete hospitali ya Korogwe. Basi halijafika Segera, mtoto akakata roho mapajani mwa Mama. Kondakta akashuku, akataka mteremke njia panda na mzigo wenu. Wewe ukamvutia mtoto kanga mpaka kidevuni ukasema, "Segera hatushuki. Mtoto amelala." Mkakaa naye hivyo mpaka Mkumbara, Mama hatoi hata chozi, ili mumzike nyumbani.

Baba, mimi nimechanganyikiwa. Ule ubeti wa "mshike vizuri, safari bado", miaka yote niliamini anayeshikwa ni mchumba. Nimeucheza. Nimewafundisha wanangu kuucheza. Mbona uliuweka kwenye mdundo wa furaha vile? Na mbona mimi ulinipa kile kisa cha kuchekesha?

Nilirudi nikamkuta Mama anapepeta mchele. Nikamuuliza kama niliwahi kuwa na dada. Akaendelea kupepeta. Nikasema basi, nitamwambia Salimu atafute wimbo mwingine. Hapo akaweka ungo chini.

"Baba yako alisema hawezi kulia kila Jumamosi mbele za watu," akasema. "Acha wao wacheze. Upigeni."

Nikauliza, na kule kutoroshwa je? Akasema na hilo ni kweli, kaka zake walikuwepo pale Segera na fimbo zao. Wimbo uliimba safari ipi kati ya hizo mbili, hakuwahi kukuuliza. Alikuwa mkeo, Baba, na yeye pia hajui. Mimi nitajulia wapi?

Ukapigwa. Bibi harusi akaingia, watu wakasimama, na Mama akatoka kitini akaenda katikati. Alicheza taratibu, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyepakata kitu. Wageni wakampigia vigelegele. Nami nilisimama mlangoni na sinia la pilau, sijui nicheke au nilie, nikafanya yote mawili, shangazi akadhani naumwa.

Asubuhi yake Mama aliniambia jina. Rehema. Akanielekeza na alipolazwa, nyuma ya nyumba za zamani za kambi, karibu na mfereji. Sikuthubutu kuuliza zaidi. Salimu bado sijamwambia. Kila nikijaribu, simu yake inaita kwa wimbo wako, nakwama.

Buriani, Baba. Mvua zikikatika nitakuja na jembe nikupalilie, kisha nitamtafuta yeye. Nakuahidi nitamwita dada, ingawa ni mtoto wa kubebwa.

Mwanao,
Zaina