Kadi kwa Jina la Mama

Dwayne,

Naenda zamu. Viazi vimo kwenye oveni. Paka hajala.

Asubuhi dukani wamenikatalia simu ya mkopo. Nilisahau kwamba nimeifunga mwenyewe rekodi yangu ya mikopo, asikope mtu tena kwa jina langu, tangu mtu achukue ile kadi ya mkopo kwa jina langu. Nikapiga simu kwa kampuni inayotunza rekodi hizo, waifungue kwa siku moja. Dada wa huko akauliza, "Unaishi na nani, mama? Wezi wa hivi mara nyingi ni wa humo humo ndani."

~~Najua ni wewe.~~ Toa takataka, gari linapita kesho.

Yule dada nikamjibu naishi peke yangu. Nilitaka kukukinga, lakini uongo ule ulinitoka kama kweli. Sahani yako ya jana bado imefunikwa hapa mezani.

Mlango wa nyuma sijaufunga.

Mama