Tulipokwenda Weston Kunitoa Eda

Baba Salma,

Eda yangu imekwisha. Nakwambia mwenyewe kabla dada yako Rukia hajakueleza kwenye dua zake, maana yeye hana habari fupi.

Wiki nzima alinipigia simu kutoka Erdington: mjane wa Makunduchi hatolewi eda kwa bomba la bafuni, huogeshwa baharini. Salma akamjibu, kwa Kiingereza chake, kwamba hilo halimo kwenye dini. Rukia akasema, "Na baridi hii imo?" Basi, yakaisha.

Bahari ya karibu na Birmingham ni Weston. Saa nilipanga mimi. Mwezi ulikuwa mpevu, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, maji hujaa saa kumi. Tukaondoka baada ya adhuhuri, Salma kwenye usukani, Rukia nyuma na ndoo, kanga mpya na udi.

Saa kumi tumesimama ufukweni, bahari haipo. Tope tu mpaka jicho linapoishia, na ubao unaokataza watu kulikanyaga. Vibanda vya aiskrimu vimepigiliwa mbao, punda wanaopandwa na watoto hawapo, upepo unatutia mchanga mdomoni. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila ya bahari ya kwetu. Rukia akalitazama tope, akanitazama na mimi. "Wifi, hata bahari umeipangia saa za duka lako?"

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu ufe. Halafu nikakasirika kwamba hukuwepo kusikia.

Mzee mmoja mwenye mbwa akamwambia Salma maji yatarudi giza likishaingia. Tukangoja garini, tunakula chipsi, vioo vimejaa ukungu. Na mimi nikikaa bila kazi nakufikiria, nikikufikiria siku hizi hasira zinanipanda.

Siku ya maziko walikuja kuniuliza kama nimekusamehe. Jeneza liko mlangoni, watu wamesimama. Nikasema nimemsamehe, duniani na akhera. Sikuwa nimeviona vidonge. Nilivikuta baadaye, ndani ya kiatu chako cha Idi. Vya moyo. Nikasoma tarehe kwenye pakiti: tangu kabla ya Ramadhani. Uliniambia ni kiungulia, na mimi kila usiku nakuchemshia tangawizi. Mimi, niliyeanza na cherehani moja sebuleni Saltley mpaka tukapata duka Alum Rock. Uliona siwezi kubeba habari hiyo?

Maji yalikuja kweli, meusi, yanakimbia. Rukia alinishika mkono tukaingia mpaka magotini, akasema bismillahi, akanimwagia ndoo kichwani. Pumzi ilikatika. Nilidhani atasema bismillahi nyingine. Badala yake akaniegemea, analia, akasema, "Na mimi hakuniambia, wifi. Tumsamehe tena."

Nilijaribu, Baba Salma. Nimesimama pale natetemeka, kanga imenigandia mwilini, binti yako anatumulikia kwa taa za gari. Nikasema, "Nimemsamehe nusu." Rukia akasema msamaha haukatwi nusu. Nikamwambia wangu unakatwa.

Jumatatu nafungua duka. Ijumaa nitakuja makaburini, nikusomee Yasini, nikugombeze, halafu tuone hiyo nusu iliyobaki.

Lala, mume wangu. Mungu akupumzishe. Mimi bado sijamalizana na wewe.

Mama Salma