Mistari Minne ya Kuwasha

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa jalala. Wao wanaliita kikaguzi cha kufuli. Mistari elfu tatu ya programu, ndani kabisa ya mfumo unaoendesha lifti zetu zote, na hakuna mmoja unaomfuata mwenzake kwa adabu. Meneja Hongera – anapongeza hata ukipiga chafya – anataka nikisafishe kabla toleo jipya halijaenda kwa wateja, Ijumaa ya wiki ijayo. Kisha niandike ripoti: aliyekiandika bado anahitajika?

Aliyekiandika ni yule mzee wa chumba cha mwisho, jirani na choo. Chupa ya chai, kandambili chini ya meza, sweta moja mwaka mzima. Shikamoo yangu aliipokea bila kugeuka.

Na kazi yenyewe ya hicho kikaguzi! Ndani ya mfumo, kila anayetaka kutumia kitu – mota, mlango – anakifungia kufuli kwanza ili mwingine asikiguse. Sasa mmoja ashike mlango akingoja mota, mwenzake ashike mota akingoja mlango: watangojeana mpaka kiama. Kikaguzi kinaandika nani hushika nini kwanza, na kikiona wawili wanakwenda kinyume, kinapiga kelele mapema. Basi! Mistari elfu tatu kwa hilo!

Jumanne, 5 Machi

Majina! Kuna kitu kinaitwa "kile". Kingine "kile2". Mtu huyu ana wajukuu, sijui nao aliwapa majina gani.

Halafu kila mfumo unapowaka, kikaguzi kinajaza skrini maandishi mekundu, kisha kinaendelea kama si chenyewe. Kumbe kinajijaribu: kinafanya kosa makusudi, mara nne, kuona kama kitalikamata. Sawa. Lakini lazima mtaa mzima ujue?

Na hii sasa: mstari wa kuwasha kikaguzi. Mara nne! Washa. Washa. Washa. Washa. Kimeshawaka, babu! Kama mtu anayerudi mlangoni mara nne kuhakikisha amefunga. Juu yake ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE. NAJUA KWA NINI. Unajua kwa nini – si uandike basi? Kuanzia leo ni Mzee Washa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefuta mistari elfu moja na mia moja. Raha yake! Skrini nyekundu kwaheri: kinajijaribu bado, ila kimyakimya. Katika zile washa nne nimeacha moja, nikaipandisha mwanzoni kabisa, kwa heshima ya wazee.

Alasiri Mzee Washa akaja mezani kwangu na kikombe chake. Akasimama weee. Mwisho akauliza kama ile ya kuwasha nimeiona. Nikamwambia nimeiona, Mzee, nimeiona sana. Akangoja kidogo. Nikaendelea kufuta. Akajiondokea na kandambili zake, pa, pa, pa.

Jumatatu, 11 Machi

Kimya! Lifti ya jengo letu, ile tunayojaribia, imepewa toleo jipya tangu Jumamosi. Onyo hata moja hakuna. Zamani yalikuwa mawili matatu kwa wiki, na Mzee Washa akihangaika nayo kama mwenye kuku. Meneja amesema hongera mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Ripoti nimetuma. "Kikaguzi sasa kinajitosheleza. Hakihitaji mlezi." Sentensi ya mwisho nimeipenda, nimeisoma mara mbili. Mkataba wa Mzee unaisha Ijumaa, na hautaongezwa.

Jumatano, 13 Machi

Jioni dada alituachia mwanawe, ana mwaka na nusu. Nimekaa na Mama sebuleni, namsifu mtoto: leo katulia, mtu unaweza hata kufikiri. Mama akainuka mbiombio. "Katulia? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto akinyamaza nenda kamwangalie, usikae hapo unafurahi!"

Tukamkuta jikoni. Unga wote sakafuni, yeye katikati, mweupe mpaka kope, ameridhika na dunia. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi kicheko kilinikatika. Nilikumbuka kimya changu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefika ofisini kabla ya mfagiaji. Nimeandika programu ndogo yenye kosa la wazi, kosa la mwanafunzi: huku mlango kabla ya mota, huku mota kabla ya mlango. Nikaiendesha. Kikaguzi kimya. Nikarudia. Kimya.

Kimezimika! Kikishapiga kelele ya kwanza hujizima, ndivyo kilivyoundwa. Na kelele yake ya kwanza ni ile ya kujijaribu. Majaribio manne – kila moja linakizima, na Mzee anakiwasha. Washa, washa, washa, washa. Mimi nikaacha moja tu, tena kabla ya majaribio yote. Kwa heshima! Wiki nzima kimelala fofofo, nami napokea hongera. Mjuaji mkubwa.

Nikisema leo, toleo la kesho linasimama na ripoti yangu naimeza mbele za watu. Na Mzee anabaki. Nisiposema, nitarekebisha Jumatatu, chini kwa chini. Mzee umri wake umefika, angeondoka tu.

Nimeandika hayo bila kufuta neno. Nimejichukia.

Ijumaa, 15 Machi

Naandikia sakafuni, ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Toleo limekwenda saa sita mchana. Sikusema.

Saa tisa na robo niliingia, nikamkuta Mzee Washa na boksi lake: chupa, kandambili, sweta. Hata boksi kalifunga ovyo. Shikamoo. Marahaba, binti. Tukashuka kidogo, lifti ikasimama. Taa zinawaka, feni inazunguka, ila haiendi.

Nimepiga kengele. Mlinzi kapaza sauti kwenye upenyo: fundi anakuja, tutulie, na kuna wateja wawili wamepiga simu, lifti zao nazo zimegoma na watu wamo ndani. Akauliza leo tuna nini sisi.

Mzee amenipa boksi nikalie. Nimekataa. Amemimina chai kwenye kifuniko, akanipa ninywe kwanza. Ameweka sikio ukutani, akasikiliza muda mrefu.

"Mota inangoja mlango," akasema. "Na mlango unangoja mota."

Simu yangu imelia mara tatu – Meneja. Sijapokea. Fundi ameshafika, anagonga juu yetu, anauliza kwa ukali: humo ndani kuna mtu anayeijua hii programu?

Mzee ameshika kifuniko kitupu, ananitazama. Anangoja niseme. Mimi nangoja aniulize.