Nilibaki na Vyombo

Jumatatu, Batsinda, Kigali. Mvua nyembamba tangu alfajiri, na mimi nina aibu.

Nina wiki tano za ndoa. Bado nikiona viatu vya Idi karibu na vyangu mlangoni natabasamu peke yangu kama mjinga. Nampenda mpaka chai yake naionja kwanza nisije nikamuunguza ulimi.

Na nina wivu. Nimeshasema.

Ulianza kwa neno. Idi huchora ramani za majengo ofisini, na wiki iliyopita alirudi na neno la Kiingereza kama mtu aliyeniletea zawadi: "egress." Maana yake kutoka. Diane, mwenzake wa kazini, ndiye aliyemweleza kwamba limetoka kwenye Kilatini: "e" ni nje, "gradi" ni kupiga hatua.

"Si mwandike exit, yaishe?" nikamwambia.

"Exit ni mlango tu, bibie. Egress ni njia nzima. Kutoka ulipokaa, korido, ngazi, mpaka unakanyaga nje salama. Diane anasema..."

Diane anasema. Nilihesabu: mara nne kabla wali haujaisha kwenye sahani. Alipoingia kuoga nikalitafuta neno kwenye simu, nikiomba Mungu Diane awe amekosea.

Hakukosea. Hilo likaniuma zaidi.

Jana Diane akaja kututembelea. Mrembo, mrefu, na kikapu cha zawadi cha kufumwa kwa mkono. Akaniita wifi, kana kwamba Idi ni kaka yake. "Wifi, hii chai yako iko tamu!" Nikacheka kwa meno tu.

Alipoinuka kuaga, nilijua la kufanya. Bibi yangu alinilea hivyo, na hapa Kigali ni hivyo hivyo: mgeni hatoki peke yake, wenye nyumba wanamsindikiza. Idi alishavaa viatu, ananingoja.

"Nendeni tu," nikasema. "Mimi nina vyombo."

Vyombo vyenyewe vikombe vitatu.

Nikasimama dirishani na kikombe kimoja, nakisugua. Kituo cha pikipiki hakiko mbali, lakini wao walifika kwenye kona wakasimama. Wakaongea. Diane akacheka, akamgusa Idi begani. Dakika ishirini nzima! Kikombe kilikuwa kinang'aa, mimi nawaka.

Idi aliporudi nikamdaka mlangoni. "Umemsindikiza mpaka Masaka, mwisho wa mji?"

Hakucheka. Akakaa bila kuvua viatu.

"Tulikuwa tunakusubiri wewe," akasema. "Nilimwambia unafunga mlango, unakuja. Akanitania, 'Kwani mke wako ana milango mingapi?' Halafu akaniuliza amekukosea nini."

Zile dakika zote nilizozihesabu zilikuwa zangu.

Usiku Idi hakuniita bibie. Alisema "usiku mwema", jina langu hakulitaja.

Leo asubuhi, mvua ile ile, nilimfuata na kandambili mpaka kituoni. "Unakwenda wapi?" akashangaa. "Nakusindikiza." Alitazama miguu yangu yenye tope, akavaa helmeti, na kabla pikipiki haijaondoka akasema, "Rudi ndani, bibie, utalowa."

Bibie! Nilirudi nikiruka madimbwi.

Saa sita nikampigia Diane.

"Wifi," nikasema. Mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. "Jana sikukusindikiza. Rudi Jumapili, nikusindikize mwenyewe."

Diane akauliza, "Mpaka kwenye kona?"

"Mpaka uvae helmeti."

Akacheka kile kicheko cha jana, safari hii kwangu.

Sitadanganya hapa: wivu haujaisha. Akitajwa tena leo mezani nitahesabu, najijua. Lakini Jumapili vikombe vitakaa kwenye beseni mpaka mgeni wetu aondoke, na nitatembea katikati yao.

Au pembeni ya Diane. Nitaweza kweli?